Kisima Alichochimba Abbo

Mwaka wa sabini na sita, kiangazi kilipokaza, Jamilu wa mtaa wa Sofia pale Busia hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Alikuwa mchimba visima, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na tangu mabomba ya mjini yalipokauka, kila mwenye ua na fedha alitaka kisima chake mwenyewe. Wenye fedha walikuwepo. Wale waliopewa maduka baada ya Wahindi kufukuzwa nchini hawakupenda kuonekana wakisubiri maji ya mkokoteni pamoja na watu wengine.

Jamilu alilipwa kwa futi. Futi ya udongo ilikuwa na bei yake, na futi ya mwamba ilikuwa mara tatu ya hiyo. Hakuwahi kuchimba bure, wala hakuona aibu juu ya jambo hilo. Alikuwa na watoto sita na mama mzee wa kulisha, na udongo ukiamua kuporomoka hauulizi kama umelipwa au hukulipwa, unakufukia tu. Aliyekuwa akimshikia kamba ni Rasto Odhiambo, Mjaluo wa upande wa Kenya, aliyevuka mpaka kila asubuhi juu ya baiskeli yake nyeusi. Rasto alipenda kubishana kuhusu kila kitu, lakini kamba ikiwa mkononi mwake alinyamaza kama mtu aliye kanisani. Kwa miaka tisa Jamilu alikuwa amening'inia kwenye ukimya huo.

Siku moja ya Jumanne walikuwa wakifungua kazi mpya katika ua wa Bwana Nasuru, mfanyabiashara mwenye malori mawili na marafiki wengi jeshini. Mwanamke mwembamba akaingia ua huo na kusimama kando. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini.

"Wewe ndiyo Jamilu ya visima?" akauliza.

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Mimi naitwa Abbo. Natoka Iyolwa. Niko na swali moja tu. Nitalipa kuku."

Kuku kweli alikuwepo, amefungwa miguu, chini ya kwapa lake. Mwanamke akachuchumaa, akafungua pindo la leso, akatoa madonge matatu ya udongo na kuyapanga chini: jekundu, la manjano, na jeupe lililokuwa gumu kama chokaa.

"Ilianza hii, ikafuata hii, sasa ni hii. Niendelee ama nisimame?"

Jamilu akachukua donge jeupe, akalivunja kwa kidole gumba, akalionja kwa ncha ya ulimi. "Nani anakuchimbia?"

"Mimi."

"Namuuliza fundi, mama. Fundi ni nani?"

"Mimi," akasema tena, kwa sauti ile ile. Kisha akatoa kiunoni uzi wa mkonge uliofungwa mafundo. "Urefu yake ndiyo hii."

Rasto akacheka mpaka akashika mbavu. Abbo akangoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua fupi ipite. Jamilu hakucheka. Alikuwa akiupima uzi kwa mkono, futi kwa futi. Alipofika mwisho aliupima upya kutoka mwanzo, maana hakuiamini hesabu yake. Zilikuwa futi ishirini na saba.

"Rudi nyumbani na kuku wako," akamwambia. "Nitakuja Jumapili."

Baadaye alikiri kwamba hakuwa na huruma yoyote siku hiyo. Alitaka tu kuukamata uongo kwa macho yake.

Jumapili hiyo alipanda baiskeli peke yake, akapita Buteba, akaendelea kaskazini hadi Iyolwa. Alipofika nyumbani kwa Abbo na kupiga hodi, watoto waliokuwa wakicheza walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Ilimchukua muda kuelewa. Alikuwa amebisha hodi kwa Kiswahili, na pale kijijini aliyesema Kiswahili alikuwa mtu mwenye bunduki. Abbo mwenyewe alifundishwa lugha hiyo na mumewe Owor, aliyefanya kazi ya reli pale Tororo.

Shimo lilikuwa nyuma ya jiko. Kando yake udongo ulikuwa umewekwa kwa mafungu, mwekundu mbali, wa manjano katikati, mweupe karibu. Juu ya mdomo wa shimo kulikuwa na gogo lililolainika kwa kusuguliwa na kamba, na pembeni alikaa bibi kizee asiye na meno, kamba mapajani.

"Huyo ni mama ya bwana yangu," Abbo akasema. "Yeye ndiye anavuta udongo."

Jamilu akatoa mfukoni timazi yake, uzi wenye chuma kizito mwishoni, akaishusha polepole, akaitazama ikielekea chini bila kugusa ukuta upande wowote. Akahamia upande wa pili, akaishusha tena. Kisha akavua viatu na kuteremka kwa vidato vilivyochongwa ukutani, kimoja kushoto, kimoja kulia, kila kimoja kikitosha nyayo nzima. Aliushika ukuta kwa kiganja akishuka. Ulikuwa umenyooka, umelainishwa, hauna tumbo wala kiuno. Alipofika chini akakaa kwenye ule udongo mweupe, akainua uso. Juu kulikuwa na duara la mbingu, dogo na safi, mviringo kamili kama sahani.

Alikaa pale muda mrefu. Kisima chake cha kwanza alikichimba akiwa na miaka kumi na tisa, akiwa na sululu nzuri na baba yake akimsimamia, na bado kilipinda vibaya kiasi kwamba baba alimwamuru akifukie. Mwanamke huyu alikuwa na jembe lililolika hadi kubaki ukubwa wa kiganja, na bibi kizee wa kuvuta kikapu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia weka timazi; alikuwa ameigundua mwenyewe, jiwe na uzi. Jamilu alihisi nywele za mikono yake zikisimama, jambo lisilomtokea ndani ya shimo hata siku udongo ulipomfunika mpaka kifuani.

Alipotoka walimpa uji. Akamuuliza Abbo alianza kuchimba lini.

"Mwaka jana, wakati wa kupanda mtama."

"Kwa nini hapa? Naona kuna chemchemi bondeni."

Abbo akatazama ndani ya kibuyu chake. "Njia ya chemchemi inapita kwa kizuizi ya askari jeshi. Msichana yangu Athieno alikwenda maji, akarudi bila mtungi. Hakusema kitu. Mimi pia sikuuliza. Kesho yake nilianza."

"Na mumeo?"

"Alikwenda Tororo siku ya soko, mwaka wa sabini na tatu. Hakurudi." Akaongeza uji katika kibuyu cha Jamilu. "Watu wa hapa wanasema nachimba kaburi yake. Wacha waseme."

Jamilu akamweleza mambo yalivyo. Ule mweupe ulikuwa mgongo wa mwamba, na jembe lilikuwa limefika mwisho wa kazi yake. Chini ya mwamba huenda kulikuwa na maji, huenda hapakuwa na kitu; hakuna fundi angeweza kuapa. Kuupasua kulihitaji tindo, nyundo na mtu mwenye mikono iliyozoea.

"Futi moja ya mwamba ni shilingi ngapi?" Abbo akauliza.

Jamilu akamtajia bei yake, kwa mazoea tu. Abbo akatikisa kichwa taratibu, bila malalamiko, akaanza kukusanya vibuyu. Ni hapo Jamilu alipojisikia akisema, "Jumapili. Siku nyingine nina kazi ya watu. Lakini Jumapili nitakuja."

Mkewe Zulaika hakufurahi. "Baba Hajarah," alimwambia, "wewe una siku moja ya kunyoosha mgongo. Ukianguka kule, Nasuru atamtafuta mwingine kabla jua halijazama. Sisi tutakula shimo la watu?"

"Ungeliona, Zulaika."

"Sijaliona. Nimeona sufuria."

Zulaika alisema kweli. Lakini Jumapili iliyofuata Jamilu alirudi na gunia la muhogo na kibuyu cha karanga za kusaga, alivyopewa na bibi kizee bila kuviomba. Wakati huo pale mjini mtu angeweza kuwa na noti mfukoni akazunguka soko zima asipate cha kununua. Zulaika alikipokea kibuyu, akakinusa, akakiweka juu kabatini. Tangu siku hiyo aliulizia habari za Iyolwa kabla Jamilu hajavua viatu.

Vyuma alivipata kwa Nasuru. Nyuma ya ua wake zilirundikana springi zilizovunjika za malori, na Jamilu akaomba nne, bei yake ikatwe katika ujira wake, akafue tindo.

"Tindo za mwamba wangu?" Nasuru akauliza.

"Za mwamba wako, na za mwingine."

Nasuru alimkazia macho. Hakuwa mtu mbaya kupindukia, ila alizoea kutiiwa. "Chukua," akasema. "Lakini Jumatatu asubuhi nikikukosa hapa, usiniambie habari za mwamba wa mtu mwingine."

Rasto ndiye aliyekuwa mgumu. "Jumapili mimi niko na Mungu," alisema, na kwake maneno yakaishia hapo. Mwishowe alikubali kwenda mara moja tu, akaone, arudi. Alipofika ukingoni akachungulia, akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akamwendea bibi kizee, akapiga goti kidogo, akamwomba kamba kwa Kijaluo, ambacho kinasikilizana na lugha yao. Bibi akampa.

Mwamba ulikuwa mbaya. Jumapili tatu mfululizo Jamilu alipiga tindo mpaka viganja vikapasuka, na alichopata ni shibiri mbili. Katikati ya wiki Abbo alishuka peke yake na tindo moja aliyoachiwa, na kila Jumapili Jamilu alikuta sehemu aliyoipiga yeye. Haikuwa ndogo kuliko ya kwake.

Ikabaki njia ya zamani, ya moto. Unawasha kuni juu ya mwamba mpaka uive, halafu unaumwagia maji baridi kwa ghafla, nao unapasuka wenyewe. Baba yake aliifanya mara mbili tu maishani. Tatizo lilikuwa maji. Yalihitajika mengi, mitungi ishirini au zaidi, na Abbo alikuwa na mmoja.

"Basi haiwezekani," Jamilu alisema.

Abbo alimtafsiria mama mkwe wake. Bibi kizee akainuka, akachukua fimbo, akatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata Jamilu alifika mapema, akawasha kuni chini na kupanda haraka. Moto uliwaka asubuhi nzima, moshi ukisimama juu ya kijiji kama nguzo. Jua lilipokaribia utosini aliinua macho akawaona wanakuja. Walitoka kwenye vijia vyote, wanawake, kila mmoja na mtungi kichwani, wakitembea kwa mstari bila maneno. Walikuwa wale wale waliosema Abbo anachimba kaburi. Kila tone katika mitungi ile lilikuwa limetoka chemchemini, limepita mbele ya bunduki kwenda na kurudi. Ndiyo maji ya kupikia, ya kunywesha watoto, katika kiangazi kile. Wakaitua mitungi kandokando ya shimo. Jamilu aliihesabu akafika thelathini na mmoja, akaacha kuhesabu, nayo ilikuwa bado inatuliwa.

"Na usipopasuka?" Jamilu akamnong'oneza Rasto.

"Mwaga," Rasto akasema.

Wakamwaga. Mvuke ulipanda ukiunguruma, wanawake wakarudi nyuma, halafu ardhini kukasikika mlipuko, na mwingine, na mwingine, kama risasi zikipigwa ndani ya nyumba. Miguu yao iliihisi. Kulipotulia na mvuke kuisha, Jamilu akashusha kibatari kwa uzi kupima hewa. Walingoja mpaka kilipoacha kuzimika, saa nyingi, na wanawake hawakuondoka. Hapo ndipo alipofunga kamba kiunoni akashuka.

Mwamba ulikuwa umepasuka katikati, ufa wa kuingia vidole vitatu. Alikuwa amepiga magoti akiupapasa aliposikia juu sauti zote zikikatika. Baadaye zikaja buti. Kisha Kiswahili, kizito, cha kambini.

"Handaki ya nani hii?"

Jamilu hakusogea. Aliitazama kamba. Ilikuwa imekaza vile vile. Rasto hakuiachia hata inchi.

"Si handaki, afande," ilikuwa sauti ya Abbo. "Ni kisima."

"Tumesikia bunduki."

"Ni jiwe imepasuka."

"Kisima. Maji iko wapi?"

Jamilu akatia vidole ndani ya ufa. Ulikuwa mkavu.

"Iko njiani," Abbo akasema.

Uso wa koplo ukatokea kwenye duara la mbingu, ukaamuru aliye ndani atoke. Jamilu akapanda. Walikuwa askari watatu. Koplo alimwuliza jina, anasali wapi, anatoka wapi, nani amemtuma. Jamilu akajibu kwamba yeye ni fundi wa Bwana Nasuru wa Busia, na kwamba kesho asubuhi Nasuru anamngoja. Ni jina hilo lililofanya kazi. Koplo aliligeuzageuza kichwani, akawatazama wale wanawake, akaitazama mitungi mitupu. Mwishowe akasema baiskeli ya yule Mkenya inachukuliwa kwa uchunguzi. Mmoja wao akaipanda, wakaondoka.

Wanawake wakawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea. Abbo akaenda nyuma ya nyumba, na Jamilu akamsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amenawa uso kwa maji yaliyobaki katika mtungi mmoja. Akachukua tindo na nyundo, akajifunga leso kiunoni, akaanza kuteremka.

"Mama, pumzika kwanza," Jamilu akasema.

"Nimepumzika," akajibu, kichwa chake kikizama.

Kwa hiyo maji yalipotoka, Jamilu hakuwepo. Alikuwa Busia, ndani ya ua wa Nasuru, akichimba futi za kulipwa. Jumapili alipofika pamoja na Rasto, aliyekaa nyuma ya baiskeli akinung'unika njia nzima, walikuta watu wamejipanga nyuma ya jiko. Hawakuwa wakiimba wala kupiga vigelegele. Walisimama tu, wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto mchanga aliyelala. Wakampisha njia.

Alichungulia. Mbali chini, pale alipokuwa amezoea kuona weupe, kulikuwa na duara la mbingu la pili, na ndani yake kichwa chake mwenyewe. Alikuwa ameona visima vingi katika maisha yake, lakini kila mara maji yalimkuta ndani, yakimpanda miguuni, na yeye akihangaika kuokoa zana. Hakuwa amewahi kuyatazama kutoka juu, kama mgeni. Alipiga magoti pale ukingoni, akawa hajui la kufanya na mikono yake.

"Ilikuwa Alhamisi," Abbo akamwambia. "Nilipiga, nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi. Nikafikiri ni mimi. Nikaziba mdomo. Bado nikasikia."

Akampa kata. Maji yalikuwa baridi, yenye ladha ya chuma kidogo. Jamilu akanywa, akampa Rasto, na Rasto akasema kwamba kwa bei ya baiskeli nzima angalau yangekuwa matamu zaidi. Bibi kizee alipotafsiriwa hayo alicheka mpaka akashikiliwa. Baiskeli yenyewe haikuonekana tena; Rasto alitembea kwa miguu hadi mwaka uliofuata, na kila alipofika alitangaza idadi ya maili.

Askari nao walikuja kuchota. Abbo hakuwazuia, maana angewazuiaje? Lakini sasa wao ndio waliokuja uani mwake, mbele ya macho ya wanawake kumi na tano, na wasichana wa Iyolwa wakaacha kupita kwenye kizuizi.

Kisima cha Nasuru kilikuwa bado kinamsumbua Jamilu. Futi arobaini na nne, mwamba, na bega lake la kulia limeanza kukataa. Jumatatu moja alimwambia Nasuru kwamba amepata fundi wa kumsaidia, mzuri kuliko yeye mwenyewe katika kunyoosha ukuta, atakayelipwa bei ile ile ya futi.

"Mlete."

"Ni mwanamke."

Nasuru akaweka kikombe chini. "Mwanamke ndani ya shimo, ndani ya ua wangu. Watu watasema nini?"

"Watasema una maji."

Abbo alikuja Busia akiwa na jembe lake lililolika, ingawa Jamilu alimwambia halitahitajika. Aliomba ujira wake usiwe noti, uwe chumvi na sabuni kutoka chini ya kaunta ya Nasuru, vitu vilivyokuwa vigumu kupatikana kuliko fedha. Nusu aliiuza soko la Iyolwa akamvalisha Athieno na kumrudisha shule. Nusu nyingine aliigawa, kijiko kwa kijiko, katika nyumba zilizoleta mitungi. Alifanya hivyo kwa visima vingine vinane vya mjini alivyochimba na Jamilu, mpaka vita vya sabini na tisa vilipowatawanya wote kwa muda. Jumapili walichimba vijijini, kwa muhogo na karanga, na Rasto alimalizana na Mungu kwa kwenda misa ya alfajiri.

Siku ile ya kwanza ya kazi ya Abbo katika ua wa Nasuru, watu wa Sofia walijaa kutazama. Jamilu na Rasto walishika kamba pamoja. Abbo alichungulia chini, akaomba timazi, akaishusha pande zote mbili, akairudisha.

"Hapa imekwenda kushoto kidogo," akasema kwa upole, akielekeza kidole kwenye futi aliyoichimba Jamilu mwenyewe. Kisha akajifunga leso na kushuka. Rasto akanyamaza. Jamilu akawageukia watu, akawaomba wasogee mbali na ukingo, wasije wakamwangushia fundi mchanga machoni.